Git, Subversion, Perforce au Fossil: timu ya programu za biashara ichukue ipi?

Ofisi nyingi za programu hapa Dar, kuanzia Posta hadi Sayansi na Mikocheni, ziko katika hali moja kati ya mbili. Ama wote wanatumia Git (programu ya kudhibiti matoleo, yaani kutunza nani alibadilisha nini kwenye msimbo na lini) na hakuna anayekumbuka nani aliamua hivyo, ama kuna folda kwenye seva inaitwa `mfumo_mpya_FINAL_2` na kila developa ana FINAL yake kwenye laptopi. Suala la kudhibiti matoleo halimkeri mtu mpaka siku mteja wa Kariakoo anapopiga simu kuuliza nani kagusa hesabu ya VAT kwenye risiti, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Timu ya watu watatu hadi thelathini inayotengeneza mifumo ya maduka, SACCOS, shule au zahanati ichukue Git, isipokuwa iwe na sababu inayotajika ya kuchukua kingine. Sababu hizo zipo, na mbili tatu ni nzito. Halafu, kuchagua Git ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili ni ripo, yaani hifadhi ya msimbo na historia yake, ikae wapi, na huko ndiko pesa, bando na sheria zinakoingia.

## Historia iko kwa nani

Subversion, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2004, na Perforce, ya tangu 1995, zina seva moja yenye historia yote. Kwenye laptopi unakaa na toleo unalolifanyia kazi tu. Kukomiti, yaani kuandika mabadiliko yako kwenye historia, ni kuongea na seva. Kusoma orodha ya mabadiliko ya mwaka jana nako ni kuongea na seva. Git aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2005, pamoja na Mercurial na Fossil, humpa kila mtu historia nzima. Unakomiti kwenye diski yako mwenyewe, unalinganisha matoleo, unarudi nyuma, unafungua tawi (mkondo wa pembeni wa msimbo), vyote bila mtandao. Mtandao unahitajika pale tu unapopeleka kazi kwa wenzako au kuchukua ya kwao.

Hapa kwetu tofauti hiyo haibaki vitabuni. Umeme ukikatika ofisini na UPS ya seva ikachoka, timu ya Subversion inaweza kuendelea kuandika lakini haiwezi kukomiti. Matokeo yake ni komiti moja kubwa jioni yenye marekebisho sita yaliyochanganyika, ambayo baada ya miezi mitatu hakuna atakayeweza kuitenganisha. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Katika siku kama zile timu ya Git inaendelea kukomiti kama kawaida, na kazi inaweza kupita kwa flashi:

`git bundle create kazi.bundle --all`

Faili hiyo moja ina matawi yote na historia yote. Mwenzako anaichomeka, anaikagua kwa `git bundle verify`, kisha anachukua kazi kwa `git fetch E:/kazi.bundle main`, sawasawa na kama angeichukua kwenye seva.

Ila tusiipambe Git kupita kiasi, maana upande wa mtandao ina udhaifu wake ambao wenzetu wa nje hawauoni sana. `git clone`, yaani kunakili ripo nzima kwa mara ya kwanza, ikikatika katikati haiendelei ilipoishia. Ripo ya GB 2 ikifika asilimia 80 kisha modemu ikapoteza mtandao, unaanza sifuri na bando limekwenda. Subversion haina tatizo hilo: `svn checkout` ikikatika unaandika `svn cleanup`, halafu `svn update`, nayo inaendelea na faili zilizobaki. Kwa Git kuna njia mbili za kuzunguka. Ya kwanza ni kuchukua juu juu kwa `git clone --depth 1`, halafu kuongeza historia kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=500` mara kadhaa. Ya pili ni `git clone --filter=blob:none`, inayoleta orodha ya komiti zote lakini yaliyomo kwenye faili za zamani yanaletwa pale tu unapoyahitaji. Mfanyakazi mpya mpe bundle kwa flashi siku ya kwanza, ndiyo rahisi kuliko zote.

## Kazi mbili zinapogongana

Developa wawili wamegusa mstari uleule. Mmoja alikuwa anarekebisha senti kwenye risiti, mwingine anahamisha kiwango cha VAT kutoka kwenye msimbo kwenda kwenye mipangilio. Git inasimama na kuonyesha hivi:

```
<<<<<<< HEAD
$kodi = round($jumla * 0.18, 2);
=======
$kodi = $jumla * $mipangilio->vat;
>>>>>>> tawi-vfd
```

Anayechagua upande mmoja na kufuta mwingine amekosea kwa vyovyote. Akichukua wa juu, asilimia 18 imerudi ndani ya msimbo. Akichukua wa chini, senti hazizungushwi na risiti ya mteja hailingani na ile iliyotumwa TRA. Jibu sahihi halimo upande wowote: `round($jumla * $mipangilio->vat, 2)`. Hakuna programu itakayokuandikia mstari huo, na Subversion ingekuonyesha mgongano huohuo.

Tofauti iko kwenye usalama wa kazi yako wakati mgongano unatokea. Katika Git unakomiti kwanza, ndipo unaunganisha. Ukiharibu, `git merge --abort` inakurudisha ulipokuwa. Hata ukiwa umemaliza vibaya, `git reflog` inakumbuka komiti zako, na kwa mipangilio ya kawaida hata zile zisizofikika tena kwenye tawi lolote hudumu siku 30. Katika Subversion mtindo wa kawaida ni kuandika `svn update` ukiwa na kazi ambayo bado hujaikomiti. Mabadiliko ya wenzako yanamwagwa ndani ya faili zako hapohapo. Ukisawazisha vibaya, toleo lako la kabla ya mgongano halimo kwenye historia: nakala ya `.mine` ambayo Subversion huiweka kando hufutwa mara unapoweka alama kwamba mgongano umetatuliwa. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu kubwa ya kuacha Subversion, kubwa kuliko kasi na kuliko umaarufu.

Matawi nayo. Katika Subversion tawi ni nakala ya folda: unanakili `trunk` (msimbo mkuu) kwenda `branches/vfd`. Kwenye seva haichukui nafasi, lakini kuunganisha ndiko kunakochosha. Tangu toleo 1.5 la mwaka 2008 Subversion hujiwekea kumbukumbu ya kilichokwisha kuunganishwa. Hata hivyo ukibadilisha jina la folda kwenye tawi moja huku mwenzako akirekebisha faili ndani yake kwenye tawi jingine, jiandae kusawazisha kwa mkono. Katika Git tawi ni alama tu inayoelekeza kwenye komiti fulani. Linafunguliwa papo hapo na linafutwa papo hapo.

Wepesi huo una mtego, na timu za hapa zinanaswa nao sana: tawi moja kwa kila mteja. Duka la dawa tawi lake, SACCOS tawi lake, shule tawi lake. Wateja wanne wa mwanzo inaonekana busara. Kufika mteja wa kumi na mbili, rekebisho moja la usalama linapaswa kuunganishwa mara kumi na mbili, na matawi mawili yatakataa. Tofauti za wateja ziwekwe kwenye mipangilio au moduli za kuwasha na kuzima, msimbo ubaki mmoja. Hili halibadiliki hata uchukue mfumo gani. Git inarahisisha tu kulikosea.

## Faili za Crystal Reports, Photoshop na mikataba

Hapa Subversion inaongoza, na tunaona inadharauliwa bila sababu.

Mfumo wa biashara hauna msimbo peke yake. Una ripoti za `.rpt` (za Crystal Reports, programu ya kutengeneza ripoti), violezo vya Word, michoro, Excel za viwango vya riba. Faili hizi haziunganishwi. Watu wawili wakifungua `ankara.rpt` asubuhi, jioni mmoja atatupa kazi yake. Dawa ni kufunga faili. Kwenye Subversion unaandika mara moja `svn propset svn:needs-lock '*' ankara.rpt`, unakomiti, na tangu hapo faili inashuka kwa kila mtu ikiwa ya kusomwa tu mpaka mtu aandike `svn lock`. Mwenye kufuli akienda likizo bila kufungua, msimamizi anaivunja kwa `svn unlock --force`.

Git yenyewe haina kufuli. Lipo nyongeza la Git LFS, ambalo huondoa faili nzito kwenye historia na kuacha kijikaratasi kinachoelekeza ilipo. `git lfs track "*.rpt" --lockable` inakupa tabia ileile ya kusomwa tu, na `git lfs lock ankara.rpt` inafunga. Inafanya kazi vizuri mpaka mtu mmoja asahau kusakinisha LFS kwenye mashine mpya. Huyo atafungua `ankara.rpt` na Crystal Reports itasema faili imeharibika. Ukiifungua kwa Notepad utakuta mistari mitatu tu ya maandishi, wa kwanza unaanza na `version https://git-lfs.github.com/spec/v1`. Hakuna kilichoharibika: aandike `git lfs install`, kisha `git lfs pull`.

Lingine ni ukubwa. GitHub inaonya faili ikizidi MB 50 na inakataa kabisa ikizidi MB 100. Kisa cha kawaida: mtu amekomiti `backup.sql` ya MB 140, kupushi (kupeleka komiti kwenye seva) kumekataliwa, akaifuta na kukomiti tena, kukakataliwa tena. Inakataliwa kwa sababu komiti ya kwanza bado imeibeba hata kama ya pili imeifuta. Kama hizo komiti bado hazijapanda, `git reset --soft origin/main` inazivunja zote na kuacha hali ya mwisho ikiwa tayari kukomitiwa upya, safari hii bila faili ile. Kama ilikwishapanda zamani ikiwa ndogo, utahitaji `git filter-repo --path backup.sql --invert-paths`, na baada ya hapo kila mmoja akloni upya. Mtu mmoja akipushi kutoka kwenye kloni yake ya zamani, faili imerudi.

Na hiyo `backup.sql` ina jambo zito kuliko megabaiti. Kama ndani kuna majina, namba za simu na marejesho ya wanachama wa SACCOS, basi umepeleka taarifa binafsi za watu nje ya nchi, kwenye seva za kampuni ya Marekani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje. Msimbo peke yake hauna tabu hiyo. Weka `*.sql` kwenye `.gitignore` na mtengeneze data ya kubuni kwa ajili ya majaribio. Kumbuka tu kwamba `.gitignore` haiigusi faili ambayo tayari inafuatiliwa. Hiyo lazima uitoe kwa `git rm --cached`.

## Nani aone nini

Katika Git anayekloni anapata kila kitu. Hakuna ruhusa ya folda. Ukitaka kijana wa mafunzo kwa vitendo asione moduli ya malipo, moduli hiyo lazima iwe ripo yake. Subversion inaruhusu ruhusa kwa folda, kwenye faili moja ya maandishi upande wa seva:

```
[mfumo:/trunk/malipo]
@wakubwa = rw
* =
```

Mistari mitatu, kazi imekwisha. Timu inayotengenezea benki au taasisi inayodai utenganisho wa majukumu ulioandikwa ina sababu halali ya kubaki Subversion, au kwenda Perforce. Kwa wengine wengi, kinachofichwa huwa ni funguo za API za malipo ya simu na nenosiri la kanzidata, na hivyo havipaswi kuwa kwenye ripo ya aina yoyote. Vikiingia kwa bahati mbaya, kitu cha kwanza ni kubadilisha ufunguo kwa mtoa huduma. Kusafisha historia kuje baadaye, kwa sababu huwezi kujua nani alishakloni.

Haya ndiyo mawili makubwa yakiwekwa ubavu kwa ubavu:

| Jambo | Git | Subversion |
|---|---|---|
| Kukomiti bila mtandao | Ndiyo | Hapana |
| Kuendelea upakuaji uliokatika | Hapana, mpaka uzunguke | Ndiyo |
| Kuchukua folda moja tu | Inawezekana, kwa maandalizi | Ndiyo, moja kwa moja |
| Ruhusa kwa kila folda | Hapana | Ndiyo |
| Kufunga faili | Kwa LFS | Imo ndani |
| Kazi yako wakati wa mgongano | Imeshakomitiwa | Mara nyingi bado |
| Seva ikiungua bila bakapu | Historia iko kwenye laptopi | Historia imepotea |

## Waliobaki

Perforce ni ya studio za michezo ya kompyuta na wenye faili nzito kupindukia. Faili ziko za kusomwa tu mpaka useme `p4 edit`, seva inajua nani kafungua nini, na inahimili ukubwa ambao Git ingelia. Bure ni kwa watu 5 na sehemu za kazi 20. Zaidi ya hapo ni leseni. Kwa mfumo wa stoo na mauzo ni mzigo usio na faida.

Mercurial ilikuwa nzuri, na kwa mgeni ni rahisi kuielewa kuliko Git. Lakini Bitbucket iliiacha mwaka 2020, na mwaka 2025 hata Firefox ikahamia Git. Usianze nayo leo.

Fossil inastahili kutazamwa mara mbili na timu ya watu wawili watatu. Aliyeiandika ni D. Richard Hipp, mwenye SQLite, na msimbo wa SQLite wenyewe unakaa humo. Programu nzima ni faili moja ya kuendesha. Ripo nzima ni faili moja ya SQLite. Ukiandika `fossil ui` kivinjari kinafunguka na historia, tiketi za matatizo na wiki, vyote ndani ya faili ileile. Bakapu ni kunakili faili moja. Kinachoikwamisha ni ajira: kijana anayetoka vyuo vya CoICT au DIT ana uwezekano mkubwa wa kuja akiwa ameshagusa GitHub kuliko Fossil. Katika kura ya Stack Overflow ya 2022, zaidi ya 90 kwa kila 100 ya waliojibu walitumia Git. Zana za kujenga na kupima programu nazo huanza kuungwa na Git kabla ya nyingine.

Walio kwenye TFVC, mfumo wa zamani wa Microsoft wa kudhibiti matoleo, kwa sababu ya .NET, wana njia nyepesi: Azure DevOps inabeba Git pia, watumiaji watano wa kwanza bure. Hamia humohumo.

## Ripo ikae wapi

GitHub ya bure inaruhusu ripo za siri na watu bila kikomo tangu 2020. Kinachokosekana kwenye mpango huo ni ulinzi wa matawi kwa ripo za siri, yaani huwezi kuzuia mtu kupushi moja kwa moja kwenye `main` (tawi kuu). Kwa timu ya biashara ulinzi huo si wa kukosa. Mpango wa Team ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi. Watu kumi ni dola 480 kwa mwaka, zinazokatwa kwenye kadi. Kadi iwe ya kampuni, na watu wawili wajue inaisha lini. Akaunti ikishushwa kurudi mpango wa bure, ulinzi wa `main` unaondoka nao na hakuna anayegundua mpaka mtu apushi pasipotakiwa.

GitLab.com ya bure ina kikomo cha watu 5 kwenye kundi la siri. Bitbucket hali kadhalika.

Kuwa na seva yenu kunavutia, hasa mteja anapodai msimbo usitoke nchini. Gitea, programu ya kuendesha seva ya Git, inatosha: core 2 na GB 1 ya RAM kwa timu ndogo, kompyuta ya zamani yenye SSD inaiweza. GitLab mkiisakinisha wenyewe ni dude zito. Tusingeipa chini ya GB 8. Shida ya ofisini ni mbili. Laini nyingi za intaneti hazina IP ya kudumu, kwa hiyo anayefanyia kazi nyumbani Mbezi hafiki kwenye seva bila VPN kama WireGuard. Ya pili ni umeme. Ukikatika wakati Git inaandika, utakuta faili tupu ndani ya `objects` na ujumbe `object file is empty`. Usikimbilie kufuta ripo. Nakili folda nzima kando kwanza, kisha ndani ya ripo tafuta zilizo tupu na uzifute (`find objects -type f -empty -delete` kwenye ripo ya seva), pushi tena kutoka kwenye laptopi yenye kloni kamili, na umalize kwa `git fsck`. Ikiwa vitu vingine bado vinakosekana, vinakili kutoka kwenye kloni hiyo. UPS iwe ya aina inayoweza kuiamuru seva ijizime yenyewe betri ikishuka.

Wapo wanaosema Git haihitaji bakapu kwa kuwa kila laptopi ina kila kitu. Kila laptopi ina komiti. Haina maombi ya kuunganisha, maoni, tiketi, wala ruhusa za watumiaji. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab yenyewe ilifuta kwa makosa kanzidata ya uzalishaji, ikagundua njia zake za bakapu hazikuwa zinafanya kazi, na data ya takriban saa sita ikapotea. Ripo zilisalimika, kilichokwenda ni hayo mengine. Kwa Gitea panga `gitea dump` kila usiku, ipelekwe nje ya jengo, na mara moja kwa mwezi mtu airudishe kwenye mashine tupu aone kama inawaka.

## Mipangilio ya wiki ya kwanza kwa Git

Weka `.gitattributes` yenye mstari `* text=auto` kabla ya komiti ya pili. Bila huo, mwenye Windows na mwenye Linux watabadilishana miisho ya mistari na kila komiti itaonekana imebadilisha faili nzima.

Herufi kubwa na ndogo zitawaumiza. Windows haitofautishi `Risiti.php` na `risiti.php`, seva ya Linux inatofautisha. Programu inafanya kazi ofisini, inakufa kwa mteja. Badilisha majina kwa `git mv`, si kwa kubofya.

GitHub haipokei nenosiri kwa kazi za Git tangu 13 Agosti 2021. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`. Mtandao wa mteja ukiwa umefunga mlango 22 (unaotumiwa na SSH), tumia `ssh.github.com` kwa mlango 443.

Na `--force`, inayolazimisha kupushi hata juu ya kazi ya wenzako, ipigwe marufuku. Anayelazimika kweli, kwenye tawi lake, atumie `--force-with-lease`, ambayo hukataa kama kuna komiti ya mtu mwingine ambayo yeye bado hajaichukua.

## Kutoka Subversion

Andaa `majina.txt`, mstari mmoja kwa kila aliyewahi kukomiti: jina la Subversion, alama ya sawa, jina kamili na barua pepe. Hata waliokwisha kuacha kazi wawemo, la sivyo kazi itasimama ikifika kwenye komiti yao. Ijumaa jioni funga seva isipokee komiti mpya, kisha:

`git svn clone --stdlayout --authors-file=majina.txt http://seva/svn/mfumo`

Iendeshe kwenye seva yenyewe au kwenye mtandao wa ndani, kwa kuwa inachukua marekebisho moja baada ya jingine na historia ya miaka inaweza kula usiku kucha. Ikikatika, ingia ndani ya folda na uandike `git svn fetch`, inaendelea. Alama za matoleo zitakuja zikiwa matawi ya mbali yenye `tags/` kwenye jina, kwa hiyo zigeuze kuwa tagi halisi kabla ya kupushi.

Utashawishika kuongeza `--no-metadata` ili ujumbe wa komiti uwe safi. Usiongeze. Bila hiyo, kila komiti inabaki na mstari wa `git-svn-id` wenye namba ya zamani, na barua pepe zenu kwa wateja zimejaa namba hizo. Mteja akisema tatizo lilirekebishwa kwenye r1482, `git log --all --grep="@1482 "` inakuonyesha komiti yenyewe.